Mlango wa Watu Watatu

Kuna mwaka mmoja niliamini, kwa akili zangu timamu na nikiwa na cheti cha darasa la saba kilichotundikwa ukutani, kwamba maji ya bomba ya Newala yalikuwa yanakamuliwa kutoka matumboni mwa wagonjwa wa kipindupindu. Usicheke kwanza, nikupe ushahidi. Newala ya wakati ule bomba lilikuwa pambo. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa, na bomba la kwao halijatoa hata chafya. Halafu wiki ileile kambi ya mahema ilipofunguliwa kwenye uwanja wa mpira, bomba likatoa maji siku nne mfululizo, meupe, yenye nguvu ya kukupokonya ndoo mkononi. Na huko kambini, waliochungulia uzioni waliona vitanda vya turubai vilivyotobolewa tundu katikati, ndoo chini ya kila tundu, na wahudumu wenye mabuti wakizibeba zile ndoo zimefunikwa kwenda nyuma ya mahema, mahali ambapo mtu wa nje haoni. Mpira wa dripu umeingia mkononi mwa mgonjwa, ndoo iko chini yake, na mjini maji yanatoka. Mtu aliyefaulu hesabu ataelezwa nini tena hapo?

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Nakoma kijijini kwao Lupaso, ndiyo sababu haya yamenirudia. Alikuwa mwalimu wetu wa bayolojia wa masomo ya jioni, mwembamba kiasi kwamba mvua ndogo ilimpita pembeni. Wanafunzi wake wa zamani tulifika kumi na mmoja, vichwa vimeingia mvi, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyekuwa kipenzi cha mwalimu. Mimi nilidai kwa sauti kuliko wote. Nikakaa chini ya turubai na sahani ya wali mapajani, karibu na mama mmoja mtulivu, na mtu akanitajia kwamba huyo ni Sista Agnesi, muuguzi mstaafu, aliyefanya kazi kwenye yale mahema ya Newala tangu siku ya kwanza hadi yalipong'olewa. Nikaacha kula. Nilikuwa nimebeba jambo miaka ishirini na kitu, na nilimwambia mke wangu tu, tena nusu.

Mwaka ule mchana nilipakia magunia ya korosho ghalani, na saa kumi na moja jioni nilikwenda darasani kutafuta kidato cha nne. Nilipanga kwa Bi Somoe, nyumba ya bati yenye vyumba vinne vinavyotazama ua. Chumba changu kilikuwa kidogo hata nikitaka kugeuka kitandani ilibidi nitoke nje, nigeukie huko, ndipo nirudi. Katikati ya ua kulikuwa na kisima cha saruji cha kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, mdomo wake umefunikwa na kutiwa kufuli, na ufunguo Bi Somoe aliufunga kwenye pindo la khanga, akapika nao, akasali nao, akalala nao. Maji yaliyoosha nyanya yaliosha vyombo, yakaosha miguu, mwisho yakaenda kwenye mpapai, na mpapai wenyewe uliyapokea kwa aibu. Kando ya kisima lilisimama toroli lake la mbao, la kuendea kioski kufuata madumu ya maji. Gurudumu lilikuwa linalia njia nzima, hata mtaa wa tatu walijua kwamba leo kwa Bi Somoe wamekaukiwa.

Chumba cha pili alikaa Dada Hilda. Alikuwa mtu wa Chidya, amenizidi miaka saba au minane, fundi cherehani. Alishona sare za wanafunzi barazani kuanzia asubuhi, na jioni alikwenda kukaa nami dawati moja, yeye aliyewashonea nusu ya wanafunzi wa wilaya na mwenyewe hajawahi kuvaa hiyo sare ya sekondari. Alitaka kuwa muuguzi. Si kwamba alitamani. Alitaka, kama mtu anavyotaka kitu chake kilicho kwa jirani. Alinihoji huku anakanyaga cherehani, swali likisubiri mwisho wa mshono.

"Festo. Seli ya mmea ina ukuta wa nini?"

"Wa selulosi, Dada."

"Na ya mnyama?"

"Haina ukuta. Ina utando tu."

"Ndiyo maana unalialia hovyo. Huna ukuta."

Tulikula pamoja ukumbini kwa Bi Somoe, ugali wa muhogo na kisamvu, na siku za neema sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa na chumvi. Nilikuwa nakula ming'oko mpaka taya zinaomba likizo. Hilda alikula huku daftari liko wazi pembeni ya bakuli, na Bi Somoe akimwambia, "Mwanangu, hiyo karatasi haina mafuta, kula chakula." Ukurasa mmoja wa daftari lile, ule wa macho, ulikuwa na doa la kisamvu. Ninalo mpaka leo.

Jioni ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya mlango. Vitabu vyetu vilikuwa vya Kiingereza, lakini Mwalimu Nakoma alifundisha kwa Kiswahili, akisema Kiingereza kitatukuta mbele. Siku hiyo alifika kwenye namna vitu vinavyopita kwenye utando wa seli, akachora duara ubaoni, akalifuta kwa kiganja, akasema, "Hamtaelewa hivi. Simameni." Darasa lilikuwa la kuazima, la shule ya msingi, na mlango wake ulilia kwa sauti nne kama kwaya ya Pasaka. Akasema darasa ni seli, ya kwenye utumbo. Nje ni chakula na maji uliyokunywa. Na mlango ni protini iliyosimama kwenye utando, yenye masharti yake. "Chumvi ina ioni za sodiamu. Sodiamu anatamani sana kuingia, maana humu ndani yuko mchache. Yuko mlinzi mlango wa nyuma, kazi yake ni kumtoa nje kila saa, hachoki. Lakini huyu mlango wa mbele hamfungulii sodiamu peke yake. Wala hamfungulii sukari peke yake. Anataka sodiamu wawili na sukari mmoja, kwa mkupuo. Wakikamilika watatu, anageuka, anawaingiza wote."

Mimi na Bashiru, fundi baiskeli mwenye mdomo mrefu kuliko pampu yake, tukawa sodiamu. Hilda akawa sukari. Tukajipanga nje, tumemweka katikati, tumeshikana mikono.

"Mwalimu," Bashiru akauliza, "na mke wa Sodiamu anazo habari hizi?"

"Ingia, Bashiru."

"Nauliza tu, Mwalimu. Ndoa zina mambo."

Akajaribu kuingia peke yake, Mwalimu akamzuia kwa rula kifuani. Hilda akajaribu peke yake, akazuiwa. Kisha tukaingia watatu kwa mkupuo, mlango ukaimba, na Mwalimu akapaza sauti kwa wale wengine waliobaki nje: "Sasa nyinyi ni maji! Maji hayasubiri kualikwa. Chumvi na sukari vikiingia, maji yanafuata. Haya!" Watu ishirini wazima, wake na waume, wakavamia mlango kama mkutano umetangazwa kugawa nyama. Dawati moja likavunjika mguu. Hilda alicheka mpaka akakaa sakafuni, na tukiwa tunarudi nyumbani akaniambia, "Hili sitalisahau hata nikizeeka." Halimo hata kwenye silabasi, lile somo. Mwalimu alilifundisha kwa sababu alilipenda.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki tatu kabla ya mtihani, mvua moja tu kubwa, ikaosha vumbi la miezi sita na uchafu wote wa mapaa na majalala, ikavipeleka visimani. Baada ya siku chache watu wakaanza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Mahema yakasimama uwanjani, bomba likatoa zile siku zake nne, na Bashiru akatuletea habari ya ndoo barazani, ameegemea nguzo, Bi Somoe anachambua mbaazi.

"Mmemwona mtu aliyetoka mle akiwa mnene?" Bashiru alisema. "Wote wanatoka wamekauka kama korosho za mwaka jana. Maji yao yako wapi? Yako bombani."

"Acha hizo," Hilda akasema bila kuinua kichwa kwenye cherehani.

"Dada, mimi nimeziona ndoo."

"Ulichungulia ukaona ndoo. Umeona choo, ukadhani ni kiwanda."

Tukacheka wote. Lakini Bi Somoe hakucheka, na mimi nilicheka kwa mdomo tu. Jioni ile nilisimama bombani nikakinga maji kwenye kiganja, nikayanusa. Haki ya Mungu niliyanusa.

Dada Hilda aliamka anahara siku ya Alhamisi, kabla hakujapambazuka vizuri. Nilisikia mlango wake, na wa choo, na wake tena, mpaka nikaacha kuhesabu. Jua lilipotoka alikuwa amelala mkekani barazani kwa sababu alishindwa kufika kitandani, macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu mwingine. Bomba lilikuwa limerudi kwenye desturi yake ya kunyamaza. Kisima kilikuwa kimetangazwa kibaya. Maji yaliyochemshwa yalibaki kwenye birika, labda vikombe vitatu, na wahudumu wa afya walikuwa wamegawia kila nyumba pakiti za unga wa chumvi na sukari wa kumnywesha anayehara. Nikachana pakiti ya kwanza. Niliisoma, nisisingiziwe kwamba sikuisoma. Iliandikwa lita moja. Nikatazama birika, nikatazama pakiti, nikaamua kama mwanaume wa Newala anavyoamua juu ya maji: dawa imo kwenye pakiti, maji ni ya kuisindikiza tu. Nikaimimina yote kwenye kikombe kimoja.

"Itakuwa kali, Bi Somoe?"

"Kali ndiyo inayofanya kazi," Bi Somoe akasema. "Kwinini ilikuwa tamu?"

Hilda alikunywa, akakunja uso, akanywa tena. Saa nne nikampa kikombe cha pili, pakiti ya pili. Saa sita cha tatu. Kila nilichoingiza kilitoka, na zaidi. Kati ya kikombe cha pili na cha tatu alinishika kifundo cha mguu, maana nilikuwa nimesimama na yeye yuko chini, akasema, "Festo, nipeleke kule kwenye mahema."

Nikamwambia, "Dada, kule watakumaliza."

"Nipeleke hivyohivyo."

"Subiri kikombe cha tatu kifanye kazi."

Toroli lilikuwa pale, hatua nne kutoka kwenye mkeka. Nililitazama. Bi Somoe naye alilitazama. Hilda hakuomba tena. Saa tisa alianza kubanwa misuli ya miguu, nikawa nayakanda mapaja yake kupitia khanga, naye anatazama dari la baraza kwa makini kama anasoma. Saa kumi na moja kasoro, saa ambayo siku zote alikuwa anafunika cherehani na kuniita, "Festo, twende, tutachelewa," alikuwa amekwisha kufa.

Mazishi ya ugonjwa ule yalikuwa na wageni wenye mabuti na dawa ya kupulizia. Walituruhusu watu sita. Mama yake alifika kutoka Chidya tumeshafukia, akauliza alikula nini mara ya mwisho, na Bi Somoe akamjibu, "Ming'oko, mama. Alikula vizuri." Hilo ndilo jibu lililomsaidia, nadhani, maana alilirudia mara nyingi: alikula vizuri. Mimi nilimpa lile jora la kitambaa cha bluu lililokuwa halijakatwa, na daftari nikalibakiza. Sikumwambia habari ya mahema. Hakuniuliza, nami nilishukuru kwamba hakuniuliza, na mpaka leo shukrani ile naionea haya.

Jumatatu nilikwenda darasani. Dawati letu lilikuwa na nafasi yangu na nafasi nyingine. Mwalimu Nakoma aliingia na pakiti mkononi, ileile, akaiinua. Alisema anaomba radhi, kwamba alitufundisha mlango akasahau kutuambia mlango ule una kazi gani hapa Newala. "Kipindupindu kinafungua njia nyingine ya kutokea, chumvi na maji vinamwagika nje. Lakini huu mlango wa watu watatu hakiuvunji. Unaendelea kufanya kazi mgonjwa akiwa mahututi. Ndiyo maana humu kuna sukari. Mlidhani sukari ni ya kumbembelezea mtoto? Sukari ni ya kumshika chumvi mkono aingie, na maji yafuate." Watu wakashusha pumzi. Mimi nilikuwa nimewahi kusimama kwenye mlango ule na Hilda mkononi. Nilijua kuuchora kwa penseli za rangi. Sikujua kwamba uko tumboni mwake.

Bashiru, ambaye siku hiyo hakuwa na mzaha hata mmoja, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mtu akizidisha? Akiweka pakiti nzima kwenye maji kidogo?"

"Milango haitoshi. Chumvi na sukari vinabaki nje vimerundikana, na maji yanawafuata waliko wengi. Yanatoka kwenye damu, yanarudi tumboni. Badala ya kumnywesha mtu, unamkausha."

Niliweka kalamu chini taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Kumbe kiwanda kilikuwepo. Kumbe alikuwepo kweli Newala mtu aliyekuwa anatoa maji ya watu matumboni, na hakuwa na mabuti wala uzio. Alikuwa na birika na vikombe vitatu. Bashiru alikuwa anaandika. Hakujua nilichokifanya, na nilitazama mkono wake unavyokwenda kwenye mstari mpaka ukafika mwisho.

Nilifaulu, tena vizuri. Bayolojia nilipata alama ambayo nikiwa na wageni huwa naipandisha daraja moja. Nikateremka Masasi, nikaoa, nikafungua duka la vipuri karibu na stendi, nikawa mtu wa kuchekesha watu. Binti yetu wa kwanza tulimwita Hilda. Watu wakaniita Baba Hilda, na kwa hiyo jina lile nimelisikia kila siku kwa miaka yote hii, sokoni, kanisani, kwenye simu: Baba Hilda, Baba Hilda, kama nilivyojipangia. Na kila mtoto akiharisha mtaani kwetu nafika na chupa ya lita moja iliyojaa mpaka mstarini, nachanganya mbele ya mama yake, na kuhutubia juu ya sodiamu wawili na sukari mmoja mpaka majirani wananikimbia. Wananiita Profesa. Nawaacha.

Basi pale Lupaso, sahani mapajani, nikamwamkia Sista Agnesi, akaitika marahaba, akaniuliza mimi ni baba nani, nikamwambia. Nikaanza. Nilimweleza yote, na kwa kuwa ndivyo nilivyo, nilimweleza kwa madoido: milango, mlinzi wa nyuma, maji kukimbilia waliko wengi. Nikaonyesha kwa vijiko. Nikamwambia kwamba mimi, kwa mkono wangu huu, nilimkausha mtu kwa vikombe vitatu, na kwamba sayansi yake ninaijua kuliko ninavyojua Baba Yetu. Wapishi walikuwa wanakwangua masufuria nyuma yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Mwenyewe aliomba kuja kwetu?"

Hilo sikuwa nimelisema. Katika madoido yote yale sikuwa nimelifikia.

"Aliomba. Mara mbili."

"Mlikuwa mnakaa wapi?"

"Kwa Bi Somoe."

"Yule wa toroli la kelele?"

"Huyohuyo."

Akachukua vijiko vyangu, akaviweka pamoja kwenye sahani yake, akaisogeza pembeni.

"Vile vikombe vilimwongezea taabu, sikatai," alisema. "Lakini havikumuua. Tulipokea walionyweshwa kikombe kama chako, na waliokaa siku nzima bila tone, na mmoja aliyenyweshwa maji ya majivu. Tukawatundikia dripu mikono yote miwili, na kesho yake asubuhi wanauliza uji uko wapi. Zile ndoo zilikuwa za choo, tulikuwa tunazimwaga shimoni. Maji tulikuwa tunaingiza. Kutoka kwa Bi Somoe mpaka uwanjani ni dakika kumi na tano, Baba Hilda. Ungemleta tu."